Nishani ya Kuazima

Jumanne asubuhi, hata uji wangu wa mahindi sijaumaliza, ukoo wa marehemu Pokuaa ulinijia nyumbani, watu watano wazima waliovaa nyeusi na nyekundu, kuniomba niwaazime nishani yangu wakamvalishe maiti.

Ndiyo, maiti. Mimi pia niliwaomba warudie.

Lakini kwanza nilifuata adabu, maana mama yangu alinilea. Hapa Bekwai mgeni haulizwi haja yake kabla hajapewa maji. Niliwapa maji, wakanywa, wakamwaga kidogo chini, wakanirudishia bilauri. Ndipo nikakaa na kusema kama inavyopasa, "Hapa kwetu shwari. Wenye safari ni ninyi."

Mkuu wa ukoo, Opanyin Boaten, alikohoa. Huyu mzee akianza kukohoa ujue kuna jambo la aibu linakuja na yeye ndiye aliyechaguliwa kulibeba.

"Mama Dufie, unajua tunamzika mwenzio Jumamosi."

"Najua, mzee. Mabango yake yamejaa mji mzima. Mpaka kwenye mlango wa choo cha soko nimemkuta ananichekea."

"Basi. Marehemu atalazwa kwenye kitanda cha shaba. Atavaa kitambaa cha kente. Mikononi dhahabu, masikioni dhahabu. Lakini shingo, Mama Dufie, shingo iko tupu."

"Poleni na shingo."

"Na kijitabu cha mazishi kinasema alipata nishani."

Hapo ndipo nilipoweka bakuli la uji chini. Pokuaa nilimjua tangu tukiwa na miaka kumi na minne. Tulifundishwa kuruka viunzi na kocha mmoja, kwenye uwanja mmoja wa shule, ambako mbuzi walikuwa na haki sawa na sisi. Baadaye mimi nikaenda kukimbilia nchi za watu, yeye akauza mkate kituo cha mabasi kwa miaka thelathini na kitu. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Lomé, nchi ya jirani tu, kununua vitambaa, na alirudi siku ya pili. Nishani ya Pokuaa! Labda kama kulikuwa na mashindano ya kukanda unga na mimi sikualikwa.

"Nishani gani?" nikauliza.

Opanyin Boaten akamtazama Akyaa, mdogo wake marehemu. Akyaa akatoa kijitabu mkobani na kukiweka mezani. Kizuri, nisiseme uongo. Karatasi ya kung'aa, rangi tupu, Pokuaa jaladani amevaa miwani ambayo hakuwahi kuwa nayo. Nikafungua ukurasa wa pili, penye wasifu wa marehemu, nikaanza kusoma.

Nilikuwa nasoma maisha yangu.

Tunis, nafasi ya tatu, nishani ya shaba, mita mia kuruka viunzi. Budapest, nusu fainali. Auckland, ambako nilikigonga kiunzi cha sita nikaangukia uso mbele ya watu elfu thelathini, kijitabu kikasema "alionyesha ushujaa usiosahaulika." Maneno yale yale. Nayajua kwa sababu niliyaandika mwenyewe, mwaka juzi, kwa ibada yangu ya shukrani ya kutimiza miaka sitini.

"Mchapaji," akasema Opanyin, akikohoa upya. "Tulimwambia atutengenezee kitu cha heshima. Akachukua kijitabu chako kama kielelezo. Akabadilisha jina, akabadilisha picha ya mbele, akabadilisha mume na watoto. Mengine akasahau."

"Akasahau nini, mzee?"

"Maisha."

Jamani! Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikagundua kwamba wao hawacheki.

"Mmechapa ngapi?"

"Mia nane."

"Chapeni upya."

"Mama Dufie, Jumamosi ni kesho kutwa na siku mbili. Na mwanawe wa Toronto ameshakisoma, amelia sana. Anasema hakujua mama yake alikuwa mtu mkubwa hivyo. Sasa tukamwambie nini?"

Nisiwe mchoyo wa maelezo kwa wasiotujua. Kwetu mtu haishi kwa sababu alizaliwa. Anaishi kwa sababu kijitabu cha mazishi yake kimesema. Umekuwa mlevi miaka hamsini, kijitabu kikisema ulikuwa shemasi, basi ulikuwa shemasi, na wajukuu watakuapia. Vijitabu hivyo havitupwi. Vinakaa chini ya kioo cha meza sebuleni, vinasomwa na mgeni anayesubiri chakula. Jumamosi watu mia nane wangerudi makwao na miaka yangu tisa ya kukimbia duniani, mikononi, na jina la Pokuaa juu yake. Mimi ningebaki nani? Mwalimu mstaafu wa michezo mwenye goti bovu.

Na wala haikuwa miaka ya kutisha. Nchi kumi na moja, na katika hizo kumi na moja niliona zaidi viwanja vya ndege na dari za vyumba. Mara nyingi nilikuwa wa saba. Kuna watu duniani wananijua kwa mgongo tu kwa sababu walinikuta wakati narudi kuchukua suruali yangu ya mazoezi pale mbio zilipoanzia. Mara moja, mara moja tu, siku ya upepo kule Tunis, hatua zangu nane za kufikia kiunzi cha kwanza zilikaa sawasawa, tatu tatu za kati ya viunzi zikafuata mpaka kiunzi cha kumi, nikanyanyua macho nikaona wasichana wawili tu mbele yangu. Shaba. Rangi imeanza kubanduka, lakini ni yangu.

"Sitoi," nikasema.

"Ni kwa siku moja tu, mama. Kabla ya kaburi tunaivua."

"Mzee, nikikuomba meno yako ya bandia kwa siku moja, nikamvalishe shangazi yangu aende harusini, utanipa?"

Wale wengine watatu wakaangalia dari. Opanyin Boaten akafunga mdomo, pengine kuyalinda meno. Akyaa peke yake aliendelea kunitazama. Ana macho ya dada yake, makubwa, yasiyo na haraka.

"Na siishii hapo," nikasema, maana hasira zilishanipanda. "Mtaniweka kwenye ratiba. Nitasimama mbele ya watu na kusema wasifu huu ni wa nani. Vinginevyo nasimama bila ratiba, na mnanijua."

Walinijua. Waliniweka kwenye ratiba.

*

Jumamosi nilivaa nyeusi yangu nzuri na nishani nikaitia mkobani kama ushahidi. Uwanja wa nyumba ya ukoo ulikuwa umefunikwa maturubai, viti vya plastiki vimejaa mpaka barabarani, spika ukubwa wa kabati mbili zinatupigia masikio. Nyumba yenyewe ilikuwa imepakwa rangi upya. Marehemu alikuwa amekaa wiki saba kwenye barafu akisubiri rangi ikauke. Alipokuwa hai aliomba mwaka mzima wamzibie paa la chumba chake.

Nikapanga foleni nimuage. Pokuaa alikuwa juu ya kitanda cha shaba, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kente kubwa imemmeza. Dhahabu mikononi. Na shingoni, salaale, nishani!

Niliinama karibu kama mtu anayelia. Ilikuwa na picha ya mpira wa miguu. Chini yake imeandikwa, "Ligi ya Maveterani, mshindi wa pili." Baadaye niliambiwa ni ya fundi redio wa jirani, golikipa, na kwamba alikuwa amesimama pale karibu siku nzima kuhakikisha haizikwi.

Nikaenda kukaa. Sikujua kama nataka kucheka au kurusha kiti.

Mshereheshaji akashika kipaza sauti. Kijana wa makamo, suti inambana, sauti imejaa siagi. Kwa kuwa mwana wa Toronto ndege yake ilikuwa imechelewa, marehemu hakutiwa jenezani, ibada ikaanza akiwa bado amelala pale mbele yetu akisikiliza. Ukasomwa wasifu.

Hebu fikiria kukaa kwenye kiti cha plastiki ukisomewa maisha yako kwenye mazishi ya mtu mwingine, na watu wanayapenda. Sijawahi kupigiwa makofi namna ile nilipokuwa nayaishi. Budapest, watu "Ei!" Tunis, wanawake wakasimama na kupunga vitambaa vyeupe. Nilipoanguka Auckland mzee mmoja alifuta machozi. Mimi nilipoanguka kweli nilirudi nyumbani nikakuta kiongozi mmoja wa michezo ananiuliza kwa nini nimechafua sare.

"Mwanamke wa chuma!" akapiga kelele mshereheshaji. "Mkate mkono mmoja, dunia mkono mwingine!"

Mama aliyekaa jirani yangu, mgeni mnene kutoka Obuasi ambaye sikuwahi kumwona, alinipiga kiwiko. "Umesikia? Na hakuwa na maringo hata kidogo. Mimi nilikuwa nanunua mkate kwake!"

"Ajabu," nikasema.

Nikafungua kijitabu ili nitulize mikono. Jumanne sikuwa nimepita ukurasa wa pili, hasira zilinizuia. Sasa nikapita. Ukurasa wa tatu nyimbo. Wa nne watoto na wajukuu. Wa tano picha moja kubwa, nyeusi na nyeupe, ukurasa mzima.

Hii haikuwa yangu. Hii haikutoka kwenye kijitabu changu hata kidogo.

Ilikuwa ni uwanja wa taifa, Accra, na msichana yuko hewani juu ya kiunzi. Mguu wake wa kulia ndio umetangulia. Mimi natanguliza wa kushoto, nimetanguliza wa kushoto maisha yangu yote, na mtu wa viunzi anaujua mguu wake kama anavyojua mkono wa kulia chakula. Kwa hiyo huyo ni Pokuaa. Kichwa kimetulia, mkono umenyooka, kama mtu anayeruka dimbwi dogo akienda sokoni. Na nyuma yake, kiunzi kizima nyuma, kuna msichana mwingine amekunja uso kama aliyemeza kwinini.

Mimi.

Ilikuwa miaka thelathini na tisa sijaitazama siku ile. Ulikuwa mchujo wa kwenda Tunis, na nafasi kwa viunzi ilikuwa moja tu, ya mshindi. Mjomba wangu Kusi, Mungu amrehemu na amwulize vizuri, alikaa kwenye meza ya wachaguzi. Jumatatu yake likatoka jina langu. Ilisemekana Pokuaa ana maumivu ya paja. Pokuaa hakuwa na maumivu ya paja. Alikuja kwetu Jumatano kwa miguu, maili nne, kuniletea viazi vikuu vya kupondwa na yai juu, chakula cha kumtakia mtu heri, akasema, "Kule mbele usiruke juu sana kiunzi cha kwanza, wewe huwa unaogopa cha kwanza." Nikala. Nikapanda ndege.

Kila safari iliyofuata ilizaliwa na ile. Mtu aliyeleta shaba anaitwa tena. Mtu mwenye paja bovu haitwi, anauza mkate.

Niliona aibu. Sisemi kidogo. Niliona aibu mpaka nikahisi watu wote mia nane wenye kijitabu wananitazama mimi pale nyuma ya picha, ingawa hakuna aliyekuwa akinitazama isipokuwa Akyaa.

"Na sasa," akasema mshereheshaji, "bingwa mwenzake marehemu! Mama Akua Dufie!"

Nilikwenda. Goti likalia njia nzima. Nikashika kipaza sauti, na hotuba niliyoipika tangu Jumanne, yenye pilipili zote, nikaiacha.

"Wasifu mliosomewa ni wangu," nikasema. "Si wa Pokuaa. Ni wangu mimi niliye hai."

Watu wakacheka. "Mama anatania!" akasema mshereheshaji.

"Sitanii. Na wewe kijana nyamaza. Fungueni ukurasa wa tano."

Karatasi mia nane zikafunguka.

"Huyo wa mbele ni Pokuaa. Huyo wa nyuma ni mimi. Huo ni mchujo wa kwenda Tunis, na alinishinda kama mnavyoona, wala si kwa bahati, alikuwa akinishinda kila wiki. Alikuwa bora kuliko mimi. Nafasi ilikuwa yake. Mjomba wangu alisema uongo kwamba anaumwa, mimi nikajua ni uongo, nikanyamaza, nikaenda. Kila mlichopigia makofi leo nilikipata kwa sababu nilinyamaza. Basi."

Nilisikia turubai likipigwa na upepo. Nikawaza, haya, sasa watanirushia viti.

Kisha bibi mmoja wa mstari wa mbele akainuka, akafungua kitambaa chake cheupe, akakipunga. "Ei, Dufie! Unyenyekevu gani huu!"

"Mmesikia, wapendwa?" mshereheshaji akanguruma. "Bingwa amejishusha mpaka chini ili mwenzake ainuke! Amejifanya mwizi ili marehemu ang'ae! Huo ndio upendo! Nani atatusemea hivi sisi tukifa?"

Ngoma zikaingia. Vitambaa vyeupe uwanja mzima. Opanyin Boaten alikuja kunishika mikono yote miwili, anatokwa na machozi, hakohoi hata kidogo. "Mama, umetia chumvi vizuri sana," akaninong'oneza. "Ahsante. Ahsante."

Ndiyo hivyo. Niliungama dhambi ya miaka thelathini na tisa nikapigiwa ngoma. Ni kosa langu, nilichagua mahali ambapo tangu asubuhi hakuna mtu aliyesema kweli, nikategemea watu waitambue yangu ikipita.

Sikurudi kitini. Nikaenda moja kwa moja kwenye kitanda cha shaba, nikafungua mkoba, nikaitoa nishani. Angalau hiyo, nikajiambia. Angalau azikwe nayo, mwenye ile ya mpira achukue yake aende zake. Nilikuwa nimeshaanza kuifungua kamba ya ile ya mpira, Akyaa aliposimama upande wa pili wa kitanda.

"Unafanya nini, dada Dufie?"

"Nampa chake."

"Hicho si chake." Alisema polepole, kama mtu anayemweleza mteja bei. "Tunis ulikimbia mwenyewe. Viunzi vyote kumi uliruka mwenyewe, hakukurushia mtu. Hicho ni chako. Chake kilikuwa safari. Unayo hapo mkobani?"

Nikachungulia. Mkobani mlikuwa na kitambaa, funguo, na dawa ya goti.

"Basi rudisha," akasema Akyaa. "Safari nimeshampa mimi. Mchapaji hakusahau kitu. Kijitabu chako nilimpelekea mimi, nikamwambia akigusa mstari mmoja wa ukurasa wa pili simlipi."

"Sasa Jumanne mlikuja kutafuta nini?"

"Mzee alitaka nishani kweli, maskini, yeye hajui kitu. Mimi nilitaka kukusikia ukisema hutoi."

Akamwekea dada yake kamba ya ile nishani ya mpira sawa shingoni, akaifuta vumbi kwa kidole, akaenda kumpokea mwana wa Toronto aliyekuwa anashuka kwenye teksi akilia.

Nikarudi kitini kwangu. Mama wa Obuasi alikuwa amevaa miwani, kijitabu amekikunjua magotini, kidole kinafuata mistari ya ukurasa wa pili. Hakuwa amesikia hotuba yangu, alikuwa amekwenda kufuata maji.

"Wewe na yeye si mlikuwa marafiki?" akaniuliza. "Hapa wanasema alifika mpaka Helsinki. Kweli alifika?"

Mbele yetu walikuwa wanamwinua Pokuaa kumtia jenezani.

"Alifika," nikasema. "Kulikuwa na baridi kali, mikono yake ilikufa ganzi. Alikuwa wa saba."

"Wa saba tu?"

"Wa saba. Lakini kiunzi cha kwanza hakukiogopa."